Mwalimu Aliyewafundisha Watoto Kutosalimia

Mwalimu Tulinagwe wa chekechea ya kanisa, hapa Bondeni, kwa muda mrefu alijulikana kama mwalimu anayefundisha watoto utovu wa adabu. Sifa hiyo niliisambaza mimi, Hezroni. Naisema mapema msije mkaisikia kwa wengine.

Kwetu Kyela mtoto akifika mbele ya wakubwa huchuchumaa, husalimia, kisha hungoja hadi aulizwe. Mjukuu wangu Lusungu, wa miaka mitano, nilimfundisha mwenyewe, maana samaki mkunje angali mbichi. Sasa siku moja namfuata darasani, namkuta mwalimu kakaa kwenye kiti, kajifunga shuka kama mzee wa ukoo, na watoto wanamjia mbio mmoja mmoja wakipaza sauti: "Moto jikoni! Kuna mtu ndani!" Salamu hakuna. Mwalimu anawafokea kwamba hawana adabu. Anayenyamaza au kuchuchumaa anarudishwa mwanzo. Anayezidi kupiga kelele anapigiwa makofi.

Nilimngoja mlangoni damu ikinichemka.

"Mwalimu, mjukuu wangu unamfundisha ujeuri?"

"Baba, nisamehe. Ni moto tu usiongoja salamu."

Akanisimulia. Alipokuwa na miaka sita, kwao Katumba Songwe, aliona nyumba yao ya nyasi inashika moto. Akakimbilia kwa wazee waliokuwa wamekaa wakizungumzia msiba wa jirani. Akachuchumaa, akangoja aulizwe. Walipomgeukia, mdogo wake Amon, aliyekuwa ndani, alikuwa ameshaungua. Alipona, ila mkono wake wa kulia haujafunguka mpaka leo.

"Hakuna aliyenilaumu, baba," alisema. "Walisema ni mtoto mwenye adabu."

Iliniuma, sikatai. Lakini mimi nikishasema jambo sipendi kulirudisha. Nikamwambia Jumatatu namtoa Lusungu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, tulipata wageni waliokuja kumposa binti yangu mdogo, Naomi. Mkubwa wao alikuwa mzee Anyelwisye, mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa. Nilikuwa nimejipanga kuwaonyesha ukoo ulionyooka. Jikoni kwetu ni banda la mianzi lililoezekwa nyasi, na humo Neema, mama yake Lusungu, alikuwa anakaanga samaki kwa mawese. Kichanga wake, Ambilikile, alikuwa amelala mkekani pembeni. Neema akatoka mara moja kuchota maji kwa jirani. Hiyo "mara moja" ya wanawake jikoni kila mtu anaijua urefu wake.

Mzee Anyelwisye alikuwa katikati ya sentensi Lusungu alipoingia mbio, vumbi mpaka magotini.

"Babu, moto jikoni!"

"Lusungu," nikasema kwa sauti ya chini, ile inayotisha. "Huna adabu? Wageni hujawaona?"

Niliyaona magoti yake yakianza kukunjika. Hata nisingeona kingine maisha yangu yote, hicho ningekikumbuka. Kisha akanyooka, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Moto jikoni! Ambilikile yumo ndani!"

Mzee Anyelwisye aliinuka kabla yangu. Mawese yalikuwa yameshika moto kwenye kikaango, na ndimi zilikuwa zimeshapanda kwenye nyasi za paa. Akasukuma ukuta wa mianzi kwa viatu vyake vile, nami nikaingiza mkono nikauvuta mkeka na mtoto juu yake. Tulipofika kwenye migomba paa likaanguka. Ambilikile alikuwa analia kwa hasira ya kuamshwa. Nilimgeuza huku na huku, nikamkagua mpaka vidole vya miguu. Hana hata lengelenge.

Nilikaa chini nikalia mbele ya wakwe. Neema alifika na ndoo kichwani, akaitupa. Samaki wakawa mkaa, wageni wakala ndizi za kuchemsha kutoka kwa jirani, na sijapata kula chakula kitamu kama kile.

Moto ulipokwisha, Lusungu alikuja mbele yetu. Akatazama kwanza kama kila mtu yupo. Kisha akachuchumaa, akapiga viganja taratibu kama nilivyomfundisha.

"Mugonile," akatusalimia kwa Kinyakyusa.

Mzee Anyelwisye ndiye aliyemwitikia kwanza, akimshukuru: "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo."

Jumatatu nilimpeleka Lusungu mwenyewe. Mwalimu Tulinagwe aliponiona akaanza kukusanya daftari za Lusungu, akijua nimekuja kumtoa.

"Ziache," nikamwambia. "Lile shuka la mzee liko wapi?"

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa asubuhi ni mimi ninayekaa kwenye kile kiti. Nakunja uso, nawafokea watoto wa watu kwa nguvu zangu zote kwamba hawana adabu. Hawanyamazi hata mmoja.