Majani Meupe ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa maabara. Miaka ishirini na saba amesaga majani ya ngano kwenye kinu kidogo cha kauri, kando ya sinki lile lile. Wasomi huja na vyeo vyao na kuondoka navyo, yeye yupo.

Mwaka wake wa pili kazini alibandika lebo za chupa kimakosa. Tangu hapo wakamwita Lebo, hata wale ambao siku hiyo walikuwa hawajazaliwa. Na tangu hapo, kila akisaga majani kwenye spiriti, hubakiza kiasi kwenye kichupa na kukifungia kwenye friji mpaka matokeo yakubaliwe. Hakuna aliyemwagiza. Ni ubishi wake tu.

Mwaka huu walimpa ngano yenye kasoro. Ikiota, baadhi ya miche hutoka myeupe pe, haina ukijani wa kutengenezea chakula. Huishi kwa akiba ya mbegu, akiba ikiisha inakufa, kwa hiyo aliivuna siku ya kumi. Kazi yake ilikuwa kupima amino asidi, vile vipande ambavyo mmea hujengea protini. Akakuta majani meupe yanazo karibu mara mbili ya yale ya kijani.

Mkuu wa maabara, kijana wa tai, aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Mmea unaokufa utakuwaje nazo nyingi kuliko mzima? Mama, umechanganya lebo tena. Saini hapa kwamba ni kosa lako, au nitaomba uhamishiwe stoo."

"Zimerundikana kwa kukosa wa kuzitumia," shangazi akamjibu. "La kijani linajenga. Hili jeupe litajenga nini?"

"Saini, mama."

"Sisaini."

Nilimuuliza kama hakuogopa. Akasema aliogopa sana, ila hasira ilikuwa kubwa zaidi. Shangazi haongezi chumvi, namwamini.

Alitoa kwenye friji vichupa kumi na viwili, akabandua lebo zote mbele ya mkuu, akavichanganya kama karata.

"Vipange."

Sita vilikuwa na rangi ya kijani, sita vyeupe kama maji ya bomba. Hata mtoto wa chekechea angevipanga.

"Sasa vipime mwenyewe. Mimi nakaa hapa, sigusi kitu."

Alipima mpaka saa tisa alasiri, tai ameitupia begani. Vile vyeupe vikashinda, vyote sita. Mkuu akakohoa, akasema haya, yameisha, turudi kazini.

"Hayajaisha," shangazi akasema, akamsogezea daftari. "Andika kwamba lebo zilikuwa sawa."

Akaandika. Shangazi akausoma ule mstari taratibu, neno kwa neno, kisha akamrudishia kalamu.

"Saini hapa, mwanangu."