Kumkosoa Mugambi

Mume wangu Mugambi ni fundi wa lifti, na hakosolewi. Mimi mkewe nimejaribu kwa miaka ishirini na miwili, nimechoka. Lakini kila Jumamosi, badala ya kupumzisha mgongo, huenda kwenye ukumbi mmoja hapa mtaani kwetu Nechells, huku ughaibuni, kuwafundisha uhandisi vijana ambao kwao hakuna hata shangazi mmoja aliyewahi kuwa mhandisi. Kwa hilo nampenda, ingawa simwambii.

Mkali wao ni Ifrah, binti wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, kabla ya kuhamia huku. Mwaka jana aliomba nafasi ya uanagenzi katika kampuni ya lifti, akakataliwa. Kwenye jaribio la vitendo, mtahini, mzee mwenye mvi, alifunga waya mahali si pake makusudi, aone kama atakosolewa. Ifrah aliona, akanyamaza. Mugambi alipomuuliza kwa nini, alisema yule mzee angeaibika mbele za watu. Yaani mtoto kalelewa vizuri, na malezi hayo ndiyo yaliyomnyima kazi. Iliniuma sana.

Mwaka huu wakamwita tena. Basi kwa wiki sita Mugambi alikosea makusudi kila Jumamosi, akingoja Ifrah aseme neno. Ifrah aliinamisha kichwa tu. Mugambi akawa anarudi nyumbani amenuna, anasema msichana huyu ataikosa tena nafasi kwa ajili ya adabu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya jaribio niliwapelekea chai na mahamri. Nilimkuta Mugambi amefungua boksi la umeme, anapiga domo kama kawaida yake, mkono unaelekea kwenye nyaya.

"Uncle, usiguse," Ifrah alisema. "Hujazima. Hiyo kitu iko live."

Kijana mmoja, Khalif, akauliza kama hilo nalo lilikuwa sehemu ya somo. Hapo Mugambi angeitikia tu, na heshima yake ingebaki palepale.

Aliurudisha mkono polepole.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nimesahau kweli. Asante, Ifrah."

Nilijifanya kupanga vikombe ili wasione machozi yangu.

Jumatano iliyofuata Ifrah alikwenda kwenye jaribio. Mtahini ni yule yule mwenye mvi. Hakuwahi hata kumaliza kukaza skrubu. Ifrah alikwisha kumwambia amekosea.