Kifusi Kabla ya Harusi

Mwanangu, nimesikia unavunja jiko la zamani ujenge jipya, na nimefurahi kana kwamba ninayejenga ni mimi. Basi kabla hujaita gari la kubeba uchafu wake, kaa nami kidogo nikusimulie juma moja la Desemba mwaka 2013, hapa hapa Kibondo, tulipokuwa na harusi na rundo la kifusi kwa wakati mmoja.

Usidhani nilikuwa msichana. Nilikuwa mama mtu mzima, nauza maharage sokoni, na binti yangu wa kwanza, Neema, alikuwa anaolewa na kijana wa Kasulu. Lakini siku zile nilitembea kama mwari mwenyewe. Nyumba mpya ilikuwa imekwisha, ya tofali za kuchoma na sakafu ya saruji, na kila asubuhi nilipita peku sebuleni ili tu nisikie ubaridi wake miguuni. Nyumba ya zamani tuliibomoa ili uwanja uwe mpana, wageni wapate pa kukaa. Nilidhani kubomoa ndiyo kazi. Ilipoanguka ndipo tukaona kwamba haijaondoka. Imelala chini tu, na imeuziba uwanja mzima. Vipande vya tofali, plasta, udongo, mbao zilizoliwa na mchwa, vioo, misumari. Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Tuliuliza magari ya kupakilia kule chini barabara kuu, maana hadi kwetu hayakuweza kupanda. Wenye malori waliokubali kupeleka kifusi kwenye dampo la mji walitaja bei ambayo ingekula nyama yote ya harusi. Mume wangu, Baba Neema, akazunguka mjini kutwa, na jioni akarudi uso unang'aa, ameongozana na kijana mwenye tipa.

"Mama Neema, gari limepatikana," akasema. "Na bei yake ni ya kibinadamu."

Kijana akaniamkia vizuri. Nikampenda. Nikamkaribisha kiti, na wakati anakunywa chai nikamwuliza, bila nia mbaya, "Ukishapakia, mwanangu, unakwenda kumwaga wapi?"

"Hilo niachie mimi, mama. Wewe utaona uwanja mweupe tu."

"Nimeuliza wapi."

Akanyoosha kidevu kuelekea bondeni. "Pale chini, kwenye mikaratusi."

"Pale ndipo tunapochota maji."

"Simwagi kwenye maji, mama. Namwaga pembeni. Mvua itakisukuma yenyewe."

Nikamtazama Baba Neema. Naye akatazama kikombe chake. Chemchemi ile ilikuwa inanywesha mteremko wote, sisi na majirani, na watoto wa shule hupita pale kujaza vidumu vyao. Nikamshukuru kijana, nikamwambia tutazungumza kwanza. Alipoondoka, mume wangu alinigeukia. Hakuwa mtu wa kufoka, lakini nilijua amekasirika kwa jinsi alivyokuwa anaongea polepole.

"Wageni wa Kasulu wanakuja Jumamosi. Watakaa wapi? Juu ya matofali?"

"Na maji ya kuwapikia tutachota wapi?"

"Basi wewe tafuta gari lako."

Nikalala nimejikunyata ukutani. Nilijua nimesema kweli, na nilijua vilevile kwamba kusema kweli hakujaondoa hata tofali moja uwanjani.

Asubuhi yake nilikuwa natenga mbao kwa ajili ya kuni, maana angalau hizo zingepikia wali, ndipo Mzee Nzeyimana, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, akaja na jembe begani. Wazazi wake walitoka Burundi zamani. Yeye amekwisha kuwa Mtanzania kama mimi, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado na ule mwendo wa Kirundi, laini, kama mtu anayebembeleza.

"Mwidiwe," akasalimia kwa Kiha. Halafu akakigusa kifusi kwa ncha ya jembe. "Mama Neema, haya mna kazi nayo?"

"Kazi yetu ni kuyaondoa tu, mzee."

"Basi nipeni mimi."

Nikadhani anatania. Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka hadi kwenye korongo. Unalijua korongo lile kwa jina tu, maana wewe umekuta barabara. Miaka ile mvua ilikuwa imeikata njia ya kupandia kwetu, pakawa na ufa mpana, gari haliwezi kupita. Mgonjwa alibebwa kwa machela hadi chini. Na Neema wangu angetakiwa kushuka kwa miguu, na gauni lake jeupe, kwenda kulikuta gari la arusi barabara kuu. Mzee alikuwa amekwisha kupanga mawe makubwa chini ya ufa, peke yake, siku nyingi. Alikuwa amekosa cha kujazia.

Mwanangu, nilirudi nyumbani nakimbia. Mama wa harusi, na kitenge changu, nakimbia. Nilimkuta Baba Neema ananawa uso nikamwambia yote kwa pumzi moja, hata akaniomba nianze upya.

Alhamisi mteremko mzima ulikuwa kwetu. Watu walikuja na matoroli, makarai, magunia. Vijana wa Murungu, jamaa zetu waliofika mapema kwa ajili ya harusi walivua mashati yao mazuri wakaingia kazini. Wanawake tulichambua huku tunaimba. Udongo wa tofali mbichi tuliumwaga migombani. Vyuma tuliweka kando kwa wanunuzi wa chakavu. Vioo na misumari tuliokota mmoja mmoja tukatia kwenye ndoo, maana Mzee Nzeyimana alisimama pale korongoni akirudisha kila karai lililokuwa na kitu cha kuchoma.

"Watoto wanapita hapa pekupeku," alisema. Na alipoona kipande cha ubao: "Mbao hapana. Itaoza, shimo litarudi."

Baba Neema alisimama pembeni asubuhi yote, mikono mgongoni. Kisha mtu mmoja akaacha toroli kwenda kunywa togwa, naye akalishika. Alipopita mbele yangu na mzigo wake wa matofali niliona anazuia kucheka, nami nikaimba kwa sauti zaidi. Tulishindilia kwa magogo, tukimwaga juu moramu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, tukachimba mtaro pembeni wa kupitisha maji. Malipo ya watu yalikuwa ugali, maharage yangu mwenyewe na togwa. Kufikia jioni uwanja ulikuwa wazi, na kilichobaki cha kupeleka dampo kilienea kwenye mkokoteni mmoja.

Ijumaa mchana mvua ikanyesha. Si manyunyu, mvua yetu ya huku juu, ile inayopiga bati hadi mnasemezana kwa ishara. Sote tulitoka na miavuli na mifuko ya plastiki kichwani, tukasimama kuitazama barabara yetu. Maji yakashuka mekundu, yakafika pale kwenye ufa, yakayumba, yakaingia mtaroni. Ukingo mmoja ulibomoka kidogo na moyo wangu ukaenda nao. Mzee Nzeyimana akaingia mvuani na jiwe kifuani, akaliweka pale, akasimama juu yake. Baba Neema akamfuata na jingine. Walirudi wote wawili wamelowa chepechepe, wanacheka kama waliotoka kuogelea.

Jumamosi gari la arusi lilipanda. Pale kwenye moramu mbichi tairi liliteleza, vijana wakalisukuma, na msimamizi wa bwana arusi akapigwa tope suruali nzima. Nani alijali? Gari lilisimama mlangoni kwangu, la kwanza kufika pale tangu njia ikatike. Neema alitoka ndani moja kwa moja hadi garini, kiatu chake hakikugusa tope. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, na siku mbili baadaye sokoni niliwauzia watu maharage kwa kunong'ona.

Sasa sikia, mwanangu. Ukivunja kitu, kazi yako haijaisha mpaka ujue mabaki yake yanalala wapi. Usianze na bei. Anza kwa kuuliza mahali. Mtu akikwambia umwachie yeye, usimwachie. Chambua kwanza, kwa mikono yako, utashangaa jinsi rundo linavyopungua: kuna kuni humo, kuna udongo wa shamba, kuna chuma cha kuuza. Kinachobaki kisafi, watangazie majirani, maana huenda kuna mtu karibu yako ana shimo na anaona haya kuomba. Na kile kibovu kabisa, kilipie kiende panapostahili; kitakuwa kidogo, nawe hutaumia.

Mungu aibariki mikono yako inayojenga. Akupe jiko lisilokosa moshi wa chakula, majirani wanaopita bila kubisha hodi, na maji safi yanayofika kwako na kwa walio chini yako.