Bâche juu ya njia ya Mama Laurentine

Kama unatafuta Mama Laurentine mangaribi, usiende kwake. Simama mu ule uwanja nyuma ya manyumba ya kartié yetu, utamuona anatoka ku soko, basani ku kichwa, muguu ya kushoto inafwata nyuma sawa mutoto mwenye hataki kuenda ku masomo.

Ile muguu iliharibika na polio akiwa kadogo. Anauzishaka samaki ya kukauka ya Pweto, kule ku ziwa. Baba yake alitoka Mitwaba, akatumika ku reli, akamuachia nyumba na kichwa nguvu. Sie tunamuitaka Chef de gare, mukubwa wa stesheni, juu hakuna muntu anapita mbele ya mulango yake bila kuulizwa anaenda wapi.

Mu ule uwanja muko kanjila, njia kadogo. Haiko mashini njo ilikachimba, ni miguu. Sie bote tunakapitaka, lakini kwa Mama Laurentine ni maisha. Njia ingine ni ku goudron, barabara ya lami ya bakamioni ya minerai, na pale fasi ya kukanyaga haiko: kamioni huku, mufereji huku. Muntu wa miguu mbili anaruka mufereji. Yeye ataruka na nini?

Basi, bakubwa fulani banataka kujenga lotissement, nyumba mingi ya kuuzisha, mu ule uwanja. Balisema batakuya kutuonyesha plan mu réunion, mukutano ya bote. Mi balinipa kazi ya kupanga biti ya kuikalia na kusimika bâche, turubai ya kivuli. Mvua ilikuwa imenyesha siku mingi, fasi yote ni matope. Mukubwa wa kazi, Casimir, akazunguka na viatu yake safi, bottines, akapata fasi moya kavu, nguvu, bila majani.

"Simika bâche hapa," anasema. "Hapa ni sawa ciment."

Nilimuangalia tu. Bulongo ile ni nguvu juu ya nini? Juu ni kanjila yetu, tunaipiga na miguu kila siku, mujinga weye. Nikasimika.

Bantu bakakuya, bakaikala. Ingénieur wao, Donat, akaonyesha maquette, mufano kadogo ya ile lotissement, ku meza: nyumba, taa, miti, ukuta kuzunguka yote, na mulango moya yenye barrière ya kufunga njia. Bengine bakapiga makofi juu ya taa. Mi hasira ikanipanda.

"Patron, mwenye kutembea na miguu atapita wapi?"

Anacheka. "Ndugu, bantu ba humu bote batakuwa na voiture."

"Na sie ba kule?"

"Mutazunguka na goudron. Ni mbali kidogo tu."

Kidogo. Muntu mwenye anawasha motokari hata juu ya kununua mukate, njo anatupimia umbali.

Casimir akanivuta shati. "Weye kazi yako ni biti, haiko kusema."

"Bile biti, panga mwenyewe."

Ningemupiga pale pale. Lakini nikaona basani inakuya.

Mama Laurentine alikuwa anarudi na njia yake, sawa siku yote. Nilifikiri atazunguka bâche. Akaingia. Akapita katikati ya biti: "Pardon, baba. Pardon, mama, vuta muguu." Harufu ya samaki ikaingia naye. Akafika mbele ya meza, akasimama.

"Mama, kuko réunion," Donat anamuambia.

"Naona. Mi naenda kwangu."

"Pita pembeni."

"Pembeni ni matope, mwanangu. Muguu ikizama, ni weye utanibeba?"

"Ngoja basi tumalize."

"Asubui nilipita hapa, hamukuwa. Musongeshe meza."

Casimir akanyoosha mukono amushike. Nikamuambia polepole, "Mushike, uone." Akarudisha mukono mu mufuko.

Na nyuma yake balikuwa banafika bengine: bamama na makala ya kupikia, batoto ba masomo, papa Godefroid anasukuma kinga, baisikeli yake. Bote mu mustari, banangoja nyuma ya samaki. Hakuna muntu alibaita. Ni saa ya kurudi, na ni njia yao.

"Chef de gare, train iko na retard, imechelewa," papa Godefroid anasema. Bantu bakacheka mupaka ku biti ya mbele.

Donat na Casimir bakabeba meza. Bottines ikaingia mu matope, maquette ikateleza, miti yake yote ikaanguka. Mama Laurentine akapita. "Merci, batoto yangu." Bengine bakafwata, na réunion ikakufa.

Mbele ya kufunga mulango ya motokari, Donat anatuambia, "Tutaona kama tunaweza kuacha ka passage." Ka passage. Sawa vile anatupatia zawadi, na njia ni yetu.

Meza balisongesha. Plan, bado. Balirudi na kupanda bijiti ya kupima, kamoya katikati ya kanjila. Mama Laurentine akakang'oa, akakaweka mu basani juu ya samaki, akaenda kukawasha moto ya kupikia bukari, ugali yake. Bakipanda, anang'oa. Mi niko namusaidia.

Nilimuambia, "Mama, batakuya kukufunga."

"Bakuye," anasema. "Lakini bakuye na miguu."