Zabibu Walizozikataa Viwandani

Tarehe 9 Februari 2018, baada ya miaka kumi na tisa ya kuonja bia isiyotakiwa kutofautiana na ya jana, mwanamke mmoja alitia saini barua ya kuacha kazi kiwandani, akarudisha koti jeupe na funguo mbili. Wenzake walidhani anaumwa. Hakuwa anaumwa, alichoka tu kulipwa ili ladha isibadilike.

Leo ana mapipa manne ya mbao ya bia chachu ndani ya gereji ya nyumba yake, na mtaa mzima unamwita Mama Siki. Hilo halimnyimi usingizi. Linalomnyima ni pipa la tatu: bia ya ngano iliyokaa miezi kumi na minne na zabibu ndogo nyeusi, zenye ganda gumu, za shamba la mdogo wake. Viwanda vya mvinyo havizitaki, eti ni kali mno na hazina maji. Mdogo wake ameshakodi trekta ya kuing'oa mizabibu hiyo Jumamosi. Alikubali jambo moja tu: kuonja kwanza.

Alifika Alhamisi mchana na buti zake za shambani, akachungulia tundu la juu la pipa, akaruka nyuma.

"Dada, imeota ukungu! Umeniozeshea zabibu zangu!"

"Huo ni utando, ndio unaozuia hewa. Uguse uone kama utaondoka na mkono."

"Sasa tutaonjaje? Kwa maombi?"

Dada alichukua koleo, akachomoa msumari mwembamba usoni mwa pipa. Bia ikaruka mchirizi mmoja, rangi ya damu ya mzee. Akakinga glasi, akaurudisha msumari.

Alitangulia kuonja mwenyewe. Ukali ulimbana taya, kisha ukaachia taratibu. Alijua imefaulu. Akampa glasi.

Mdogo wake alinywa, akafumba jicho moja, akanywa tena.

"Mbona nataka nyingine?"

"Kumbe ulimi unao. Nilidhani ni wa kelele tu."

"Na ni zile zile zangu?"

"Zile zile. Sikuziosha hata. Hamira ya shambani kwako ndiyo iliyofanya kazi; mimi nilisubiri tu."

Mdogo wake alisimama wima kama anayepigwa picha. Kisha akampigia simu dereva wa trekta asije, palepale kando ya pipa.

Jumamosi trekta haitakwenda. Ndugu hao wawili watapogoa mizabibu, na Jumatatu dada ataanza kujaza chupa mia tatu, kila moja na jina la shamba.