Bakuli la Bi Ouida

Twyla Cagle alilikuta Alhamisi asubuhi, nyuma ya masufuria, alipokuwa akimalizia kufungasha vyombo vya jikoni. Bakuli la kioo la kuokea, rangi ya buluu, na chini yake selotepu ya karatasi iliyofifia wino: O. Sparks. Akakaa chini pale pale sakafuni, akalipakata kama mtoto wa watu.

Nanyi mtasema, bakuli tu? Mwanamke wa miaka hamsini na moja, aliyewapikia watoto wa shule robo karne na kuinua masufuria ya supu peke yake, aangushwe na bakuli? Basi sikilizeni. Katika vilima vile vya Tennessee, ukiugua au ukifiwa, jirani haji mikono mitupu. Huandika jina lake chini ya chombo, akakuachia. Nawe ukishapata ahueni unakirudisha mwenyewe, na hakirudi kitupu. Twyla alikuwa amekaa na hilo tangu Februari, na sasa ilikuwa Mei.

Lilikuja limejaa kuku na biskuti, vile vimkate laini vya kule, siku mkewe, Renata Pruitt, alipotoka hospitali. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa, tisa kati ya hiyo kwa cheti cha ndoa. Lakini usiku ule Renata alipozidiwa, mtu wa mapokezi aliuliza, "Wewe ni nani wake?" Twyla akajibu, "Mkewe." Yule akaendelea kutazama kompyuta yake. "Ndugu wa damu tu, mama." Twyla akakaa saa nne kwenye kiti cha plastiki, mpaka akaja binamu wa Renata, ambaye Renata hakusemezana naye miaka mitano, akaingizwa yeye.

Renata alipopata nguvu alisema neno moja: "Sitafia hapa huku wewe umeachwa mlangoni." Akatafuta kazi ya uuguzi Minnesota, kaskazini kabisa, na akapata. Jumamosi lori lingekuja.

Tatizo ni kwamba Bi Ouida alikuwa hajaambiwa.

Bi Ouida Sparks, jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane wa miaka sabini na tisa mwenye mguu mbovu, alipiga piano ya kanisa la pale miaka arobaini. Miaka minne nyuma, wazee wa kanisa waliamua kwamba Twyla na Renata wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza, ila wasiimbe kwaya wala wasilete chakula cha pamoja. Uamuzi ulipotangazwa, Bi Ouida alikuwa katikati ya wimbo. Akafunga kifuniko cha piano, akachukua mkoba, akatoka na viatu vyake vikigonga sakafu hadi mlangoni. Hakurudi tena. Tangu siku ile kila Jumapili alikula mezani kwa Twyla.

Mtu aliyeacha kanisa lake kwa ajili yao, ndiye wao waliyekuwa wakimwacha. Twyla akafunga pazia za mbele wiki tatu, kila Jumapili akatoa udhuru, akawa anafungasha kama mwizi ndani ya nyumba yake. Nitamwambia kesho, alijiambia. Na kesho ikifika ilikuwa na kesho yake.

"Nitaliweka kibarazani kwake, na barua," alimwambia Renata.

"Barua huletwa na watu wa umeme wakidai pesa. Yule ni Bi Ouida."

"Basi twende wote."

Renata aliweka chini boksi alilobeba. "Kuhama nilitaka mimi, na hilo nitalibeba. Kunyamaza ulitaka wewe, Twyla. Nenda ukalibebe."

Ijumaa mchana Twyla akatengeneza pudini ya ndizi ndani ya bakuli lile, akavuka barabara. Hata kabla hajabisha, sauti ikatoka nyuma ya mlango wa wavu.

"Wiki tatu nasubiri bakuli langu."

"Bi Ouida, nina jambo la—"

"Minnesota. Ingia, nzi nao wasiingie." Bi Ouida akamwelekeza kiti kwa kidole. "Ulipomwomba muuza duka maboksi ya ndizi, simu yangu ililia mara tatu kabla hujafika kwako. Kwenye mji huu nani aliwahi kuomba maboksi akabaki na siri? Mwanangu, umezaliwa hapa na hujajua hilo?"

Twyla akahisi masikio yanawaka. "Nisamehe."

"Ngoja kwanza nikasirike. Bado sijamaliza." Akachota pudini kwa kijiko, akala amesimama. "Ndizi zimeiva mno."

"Ndizo zilizokuwepo."

"Sikusema mbaya."

Akaihamishia pudini kwenye bakuli jingine, akaanza kuosha lile la buluu taratibu, mgongo ameugeuza.

"Nalihitaji keshokutwa," alisema. "Kanisani kuna chakula cha pamoja."

Twyla alidhani hakusikia vizuri. Kumbe alisikia.

"Usinitazame hivyo."

"Sijasema kitu."

"Nasikia unavyopumua. Nitakula na nani, televisheni? Wale nimewasusia miaka minne na sijajuta hata Jumapili moja, kwa sababu nilikuwa na pa kukaa. Mtu hawezi kususa akiwa peke yake mezani, Twyla."

Maneno yale yalimwingia Twyla mahali ambapo hata mtu wa mapokezi hakufika. Akaona kila alichokipata bibi huyu kwa kutoka kanisani kilikuwa kiti kimoja jikoni kwa Twyla, na kiti chenyewe tayari kimefungwa kamba kikingoja lori.

"Tunaweza kungoja," alisema. "Mwaka mmoja tu. Renata ataelewa."

Bi Ouida akageuka, mikono yachuruzika povu. "Wewe! Umwambie mkeo afe kwa ustaarabu kwa sababu mimi napenda maharage yako? Nendeni. Kuondoka si kosa lenu. Kosa lako ni pazia. Wiki tatu nilikuwa na watu hapo ng'ambo, nawe ukaninyima."

Twyla alijua ni kweli. Akatazama meza.

Bi Ouida akakausha bakuli, akalipindua mbele yake. Selotepu ilikuwa imebanduka kwa maji. Akafungua droo, akatoa selotepu mpya na kalamu nene. "Niandikie jina. Mkono wangu siku hizi watetemeka, na kule vyombo huchanganyika."

Twyla akakata kipande, akakibandika, akaandika: O. Sparks.

"Pamebaki nafasi," alisema Bi Ouida. "Andika na majina yenu."

"Bi Ouida, pale hawataki hata—"

"Wamekataa mlete chakula. Chakula naleta mimi. Atakayeosha atasoma."

Kalamu ikasimama hewani. Twyla alifikiria ukumbi ule, wanawake kwenye sinki, bibi huyu akirudi peke yake kwa mguu wake mbovu, majina yao yakiwa chini ya chakula chake, ilhali wao wenyewe wako kwenye barabara kuu, wanaelekea kaskazini. Aliona aibu kwamba majina yangeenda pale ambapo yeye hakuwa na ujasiri wa kwenda, wala wa kuaga.

"Andika, mwanangu. Na uandike wazi."

Akaandika. T. Cagle. R. Pruitt. Herufi za mwisho zilipinda kidogo, na Bi Ouida akaona, lakini hakumwambia azirudie.