Wakwe Kwenye Ghorofa Mpya

Kuna watu wanaofaa kukatazwa kabisa kushika nyundo, na mmoja wao ni mwenye hoteli ile iliyo nyuma ya Jogoo Road. Kwa miaka mingi hoteli yake ilikuwa na vyumba vidogo, mashuka yaliyopauka, na bafu lenye mlango wa mbao unaofungwa kwa komeo. Nani alilalamika? Halafu akapata pesa, akakarabati ghorofa moja, pesa zikamwishia, akaipiga picha hiyo moja na kuisambaza kwenye simu za watu. Picha ikanifikia na mimi.

Nilikuwa natafuta mahali pa kuwalaza wakwe. Binti yangu alikuwa anaposwa na kijana wa Mombasa, na walikuwa wanakuja mama yake kijana, bibi yake mzaa baba, na wazee wao wa kiume. Nyumba yetu ya Tassia ni ya vyumba viwili, lakini hata ingekuwa na kumi isingefaa. Kwetu mposaji halali wala haogi kwa watu anaokwenda kuwaposa. Huja ameshaoga, ameshajifukiza udi, na jibu hulipata kwa wazee wa kiume waliokaa kitako. Binti yangu alijifanya ametulia, ila kila mara aliniuliza kama biriani itatosha, na mimi nilijua anachoulizia si biriani. Alimpenda yule kijana, akaogopa tusije tukaonekana watu ovyo.

Kwa hiyo wakwe wangu wakapewa ghorofa mpya. Nilitaka kukiona chumba kwanza, lakini meneja, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, akaniambia fundi ameondoka na funguo.

"Lakini usijali, mathe. Hapo umechagua poa. Hata bado inanukia rangi."

Walifika Jumamosi asubuhi. Wanaume walikwenda kwa ndugu yangu anayekaa mtaa wa Mbotela, wanawake wakapelekwa hotelini, na mapatano yakawa wote waje kwetu baada ya adhuhuri. Wanaume wakaja. Wakanywa kahawa, wakala kaimati, wakaanza kutazamana. Wanawake hawakutokea. Nikapiga simu, mama yake kijana akanijibu kwa adabu zote, "Twaja, dada. Twaja." Alasiri ikaadhiniwa. Binti yangu akaacha kuuliza habari za biriani, akaenda kukaa jikoni peke yake.

Hapo nikawaka. Nilijiambia hawa wameuona mtaa wetu, wameona maghorofa yanavyobanana na nguo zinavyoning'inia kila mahali, wamebadili nia. Kama hawamtaki mwanangu si waseme? Nikavaa buibui langu nikatoka bila kumuaga mtu.

Ngazi za hoteli zilijaa mifuko ya saruji. Lifti ilikuwa mlango mzuri tu, na nyuma yake shimo lililozibwa kwa ubao. Nikagonga chumba. Mama yake kijana alinifungulia akiwa na gauni lile lile la safari. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nguo zake za posa zimekunjwa mapajani.

"Kwani mnangoja nini?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya kuulizia wakwe.

"Hakuna neno, dada," akasema akitazama chini. "Chumba kizuri sana, mashallah."

Ndipo nikaliona bafu. Lilikuwa la kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini, halina mlango, limekabili kitanda. Kitanda nacho kimekabili dirisha, dirisha halina pazia, na nje ya dirisha mafundi wawili wamesimama juu ya jukwaa wakipiga plasta, redio inaimba. Mle ndimo bibi mzima, aliyejistiri tangu usichana wake, alitakiwa aoge mbele ya mke wa mwanawe na mbele ya wale wanaume. Na hawakusema neno mchana kutwa, kwa sababu mgeni wa posa halalamiki. Akitia dosari chai au mto, huhesabiwa amemtia dosari bibi harusi. Walikuwa wamekaa pale wachafu kwa kumstahi binti yangu.

Nilimwita meneja kwa sauti iliyonyamazisha nyundo za ghorofa nzima.

"Hapa anaoga nani? Samaki?"

"Mathe, tulia. Hiyo ndiyo design mpya iko sai. Watu wanakuja hapa kujipiga mapicha."

"Tupe chumba cha zamani."

"Za zamani zimejaa. Macustomer wetu wa kila siku hawataki huku."

Alisema hivyo bila haya hata chembe. Nikataka pazia, akasema mapazia bado yako kwa fundi cherehani. Nikataka misumari nitundike leso. Akasema nikitoboa ukuta wake mpya nitaulipia. Nikamfukuza chumbani mwake mwenyewe.

Leso walikuwa nazo, doti nzima. Mama yake kijana alisimama dirishani na moja, mikono juu. Fundi mmoja akapiga mluzi, nikamrushia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wakashuka wote wawili. Mimi nilishika leso ya pili mbele ya kioo, uso nimeugeuza upande. Maji yakafunguliwa. Mabega yakaanza kuniuma, nikawa namlaani mwenye hoteli kimoyomoyo, yeye na vioo vyake.

"Mwanangu," Bibi akaniita kutoka ndani, "mikono haijachoka?"

"Haijachoka, Bibi."

"Basi niambie. Nimekuja kuposa, na nimevuliwa nguo kabla sijajibiwa. Mtoto mwatupa, hamtupi?"

"Mama!" akamaka mkwewe pale dirishani.

Jibu halikuwa langu kulitoa. Mume wangu na ndugu zake walikuwa nyumbani na maneno yao ya kupanga, wakingoja kuombwa mara ya kwanza na ya pili, wakubali kwa madaha. Nikamfikiria binti yangu kule jikoni.

"Tumewapa, Bibi," nikasema.

Maji yakafungwa.

"Basi achana na hiyo leso," akasema, "uje unisugue mgongo."